Mtoto wa Bango la Oberlitz

Royce Hupfer alikuwa na namna yake ya kushika kadi ya mtu mwingine. Aliikamata kwa ncha za vidole viwili, mbali na mwili, kama mtu anayebeba panya mfu kwa mkia. Ya kwake mwenyewe aliishika kwa viganja vyote viwili, kama yai. Meza zetu zilipakana katika ghala la vitu vya kale la Duane Fessler, nje kidogo ya mji wetu hapa Ohio, na nilikaa naye muda wa kutosha kumjua kwa kikohozi chake tu. Nasema bila kusita kwamba sijapata kuona binadamu aliyejipenda kiasi kile kwa sababu ndogo kiasi kile.

Yeye aliuza kadi za besiboli, zile picha ndogo za wachezaji ambazo watu hukusanya na kuuziana. Mimi nauza matangazo: vibao vya bati vya soda, makopo ya tumbaku, kalenda za wauza mbegu, na zile kadi ndogo za rangi ambazo wenye maduka wa zamani waliwagawia wateja ili wasisahau jina la sabuni. Royce aliniita Mama Makopo, na haukuwa utani wa majirani. Aliniita hivyo mbele ya wateja wangu, kisha akawaambia, "Mwacheni huyo na makopo yake, njooni huku muone vitu vya maana."

Nami nilimrudishia. "Nendeni," nikawaambia, "ana picha za wanaume waliokwisha kufa, wameshika magongo. Mtasisimka sana."

Kilichonikera zaidi ni ujinga uliokuwa ndani ya dharau yake. Kadi za besiboli za zamani kabisa zilitoka kwenye pakiti za sigara na maboksi ya peremende. Mbele kuna mchezaji, nyuma kuna tangazo. Na picha ileile ya mchezaji yuleyule inaweza kuwa ya kawaida kabisa, au ikawa kitu ambacho watu watasafiri kutoka California kuja kukiona, kutegemea tu ni sigara ipi imetangazwa mgongoni. Royce aliishi kwa jambo hilo. Kila kadi aliyoletewa aliigeuza mgongo kwanza, hata kabla ya kumsalimia aliyeileta. Siku moja nikamwambia, "Royce, na wewe unakula matangazo kama mimi." Akabetua midomo. "Tangazo nyuma ya mchezaji ni historia," alisema. "Tangazo peke yake ni takataka."

Nyuma ya kiti chake alitundika cheti chenye fremu ya dhahabu kilichosema kwamba yeye ni Mtambuzi Aliyethibitishwa. Alikipata kwa posta.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, ambapo kila mtu Ohio alidhani dari ya bibi yake imeficha utajiri. Jumamosi moja ya Novemba, mahindi yameshavunwa na ghala limejaa watu, aliingia Wilma Rademacher. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mabega kama ya mbeba magunia, aliyeendesha basi la shule mpaka alipostaafu. Nusu ya watu waliokuwa mle walikuwa wamewahi kufokewa naye utotoni. Royce hakumjua, kwa kuwa alitokea upande wa Toledo. Aliona bibi tu, mwenye kitu bapa kilichofungwa katika shuka.

Meza ya Royce ndiyo ilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo Bi Wilma akakiweka hapo na kukifungua.

Lilikuwa bango la dirisha la duka, la ubao wa karatasi nene, upana wake kama meza ya kahawa. Katikati palichorwa mtoto wa kiume mwenye kofia nyekundu, mashavu kama matofaa, sikio moja limekunjika juu, ameshika peremende ya karameli kati ya vidole kana kwamba anamtania anayemtazama. Juu yake, kwa herufi za bluu, OBERLITZ. Kumzunguka zilibandikwa kadi za wachezaji wa besiboli, nusu duara, nyuso zao bado zina rangi. Na chini kabisa palikuwa na mstari mmoja wa maandishi madogo yaliyofifia, kama sisimizi wanaohama.

Niliacha mteja wangu amesimama nikaenda. Kiwanda cha peremende cha Oberlitz kiliungua zamani hata mama yangu alikuwa hajazaliwa, na vitu vyake havionekani. Kopo moja nililiona Kentucky. Bango zima la dirisha sikuwahi kuliona, wala kusikia mtu akilitaja.

"Bi Wilma," nilisema, "hilo usimwache mtu alishike ovyo. Sidhani kama liko jingine."

"Sikuja kuuza," alisema Bi Wilma. "Nataka mtu mwenye kioo cha kukuzia na macho mazima anisomee huu mstari wa chini. Mimi siuoni, na daktari wangu wa macho anasema hata yeye hauoni."

Royce hakuwa anasikiliza. Alishaanza kuchokoa pembe ya kadi moja kwa ukucha.

"Bibi," alisema, "hayo ya chini ni porojo za tangazo. Tamu, safi, nunua leo. Wewe una bahati hujui tu. Unawaona hawa wachezaji? Hawa ndio mali. Shida ni kwamba mjinga mmoja aliwagundisha hapa na sasa hatujui mgongoni wana nini."

"Mimi nimeuliza mstari."

"Nitakusomea mstari, nitakusomea mgongo, nitakusomea mpaka ubavuni. Ila lazima kwanza niwabandue."

"Utabanduaje?" niliuliza.

"Kwa maji. Kwani wewe hujui? Kadi za enzi hizo ukiziloweka hazidhuriki, wino wake ni wa mafuta. Nimeshazitoa kwenye albamu mia."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomponza. Mtu mwenye ukweli mmoja tu huutumia kila mahali, kama mwenye nyundo pekee. Nikamwambia, "Albamu siyo bango, Royce. Huo ubao ni karatasi iliyopondwa, utavimba kama mkate ndani ya maziwa. Na karatasi ya juu imepakwa chaki ili ing'ae. Ikilowa, chaki inaondoka na wino."

Akageukia watu waliokwisha kuanza kukusanyika na kupaza sauti. "Jamani, Mama Makopo anaogopa maji! Makopo yake yatashika kutu!"

Walicheka. Nawajua wote waliocheka.

"Nipe basi nitazame na kioo changu," nilisema, na nikashika pembe. Niliwahi kuinamisha bango kwenye mwanga nikaona, pembeni kule chini, jina la mpiga chapa na neno Cincinnati, mji wa wapiga chapa wa enzi zile. Nikasema kwa sauti, ili wale waliocheka wasikie, "Mnaona? Cincinnati! Hiki ni kitu cha kweli!" Royce akalivuta. "Meza yangu, kazi yangu," alisema. "Wewe rudi kwenye bati zako."

Bi Wilma alitutazama wote wawili. Magoti yalikuwa yanamsumbua, alishasimama sana. Akamwambia Royce, "Fanya unavyofanya, lakini huo mstari usomwe." Akaenda zake kwenye kaunta ya Duane kutafuta kahawa na bakuli la maharage na nyama.

Ningeweza kumfuata. Badala yake nilibaki kubishana na Royce, ambaye alikuwa anapenda ubishi wangu kwa sababu ulimwongezea watazamaji. Alichukua sinia kubwa ya plastiki, akamwaga maji ya uvuguvugu, akakunja mikono ya shati kama daktari wa upasuaji. Alikuwa anahutubia. Aliwaeleza watu kuhusu migongo: ipi ya kawaida, ipi mtu anaweza kuishi maisha yote bila kuiona. Alisema karameli za Oberlitz huenda zilikuwa na mgongo ambao hakuna aliyeuorodhesha, na kwamba jina la mtu anayegundua mgongo mpya huandikwa kwenye vitabu. Alilitamka hilo la vitabu polepole. Kisha akalilaza bango ndani ya maji, uso juu.

Kadi ya kwanza ililegea mapema. Akaiinua kwa kibano, akaiacha itone, akawatazama watu, akaigeuza.

Nyeupe.

Mgongo wote mweupe, na madoa ya gundi ya kahawia. Royce alikohoa. Akatoa ya pili, akaigeuza upesi zaidi. Nyeupe. Ya tatu aliipasua kwa haraka. Nyeupe nayo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda inasomwa gizani," na wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa kimebadilisha uelekeo.

Huku akihangaika na migongo, hakuna aliyelitazama bango isipokuwa mimi. Pembe zilianza kufunguka tabaka kwa tabaka. Shavu la mtoto liliteleza likaenda kukaa begani. Ule mstari wa chini uliachana na karatasi, herufi zikaelea juu ya maji moja moja, kisha zikawa moshi mweusi, kisha zikawa maji machafu.

"Litoe!" nilisema. "Litoe wewe mpumbavu!"

Alilitoa kwa kuliinua pembe mbili, na likakatika katikati ya kifua cha mtoto.

Royce alifuta mikono kwenye suruali, na nikaona uso wake ukitafuta pa kutokea. Ukapata. "Bandia," alisema. "Nilishuku tangu mwanzo. Kadi halisi haikosi mgongo. Haya ni machapisho ya juzi juzi, mtu ameyazeesha kwa chai."

"Hazina mgongo kwa sababu ziligundishwa!" nilimwambia. "Nani angeona mgongo wake? Zilichapwa kwa ajili ya bango. Bango ndilo lilikuwa kitu chenyewe, Royce, zima, na mtoto wake na maneno yake. Umechinja ng'ombe kuangalia kama ana maziwa."

"Unasema wewe, muuza makopo."

"Debe tupu ni wewe."

Tulikuwa hapo Bi Wilma aliporudi na kikombe chake. Watu walimpisha. Aliangalia sinia, akaangalia vipande mezani, akamwangalia Royce.

"Mstari unasemaje?"

"Bibi, ukweli ni kwamba nimekuokoa," alianza Royce. "Kuna watu wangekudanganya ukatembea na kitu bandia ukidhani..."

"Mstari unasemaje?"

"Mstari haukuwa na maana yoyote."

"Uliusoma?"

"Kitaalamu, bibi, mtu akishajua kwamba kadi zenyewe..."

"Uliusoma au hukuusoma?"

Hiyo ilikuwa sauti ya basi. Duane Fessler, mtu mzima mwenye mvi na ghala lake, alinyooka mgongo kule kaunta. Royce alitazama chini.

"Sikuusoma."

"Kwa hiyo hujui kama ulikuwa na maana."

Hapo nikaona zamu yangu imefika. "Mimi nilimkataza, Bi Wilma. Watu wote ni mashahidi. Nilimwambia ni kitu adimu, nikaona mpaka chapa ya Cincinnati pale pembeni..."

Akanigeukia. Ana macho ya kijivu, na hayapepesi. "Kumbe ulikuwa na kioo."

"Nilikuwa nacho."

"Na mwanga ulikuwepo. Ukasoma chapa. Mstari niliouomba ulikuwa umbali wa kidole kutoka hapo. Uliusoma?"

Niliangalia kioo mkononi mwangu.

"Huyu alitaka kuandikwa vitabuni," alisema Bi Wilma, "na wewe ulitaka kumshinda huyu. Kuku wawili na mnyoo mmoja. Shikeni kahawa yangu." Hakumpa mtu kikombe, alikiweka tu mezani juu ya kitambaa cheusi cha Royce, kikaacha duara. Akavikusanya vile vipande vilivyolowa kwenye shuka, pamoja na kadi zenye migongo myeupe, akatoka.

Nilimkasirikia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyekuwa sahihi mle ndani, na nilifokewa sawa na kinyago kile chenye cheti.

Royce hakukaa sana baada ya hapo. Aliendelea kusema ni bandia, lakini mji wetu ni mdogo na watu wake wakipata neno hawaliachi. Mtu akipita mezani kwake anamuuliza, "Royce, mstari unasemaje?" Akiletewa kadi akaigeuza, mwenye kadi anasema, "Angalia isiwe nyeupe." Hata yule anayeleta barua alimuuliza. Theluji ilipoyeyuka akafungasha kadi zake, akahamia kwenye maonyesho ya mahotelini huko Indiana ambako hawamjui. Wakati anabeba boksi la mwisho aliniambia, "Baki na mji wako wa makopo." Nikamwambia asisahau cheti. Alikuwa amekisahau kweli, ikabidi arudi.

Kuhusu ule mstari, usidhani nilianza kuutafuta kwa huruma. Kilichonituma ni kero. Kila nilipofunga macho nilimsikia yule mama akisema kuku wawili, na mimi sikubali kulinganishwa na Royce Hupfer hata kwenye kuku. Wenye viwanda vya peremende wa zamani walikuwa mabahili. Wakishamlipa mchoraji picha moja, waliitumia kila mahali: kwenye bango, kwenye boksi, kwenye kadi za kugawa. Kwa hiyo mahali fulani mtoto yule lazima alikuwa bado yupo. Nikawa kila maonyesho ninayokwenda napekua maboksi ya kadi za matangazo, yale ambayo wauzaji huyaweka chini ya meza kwa aibu.

Nilimpata Indianapolis, mwisho wa kiangazi, kati ya kadi ya dawa ya minyoo na kadi ya cherehani. Kofia nyekundu, mashavu, sikio limekunjika. Muuzaji hakujua ana nini, naye hakuwa na haya kuhusu hilo.

Sikuisoma kwanza. Nilitaka nijue ni ya kweli, maana zimejaa nakala. Nikaiweka chini ya kioo. Picha iliyonakiliwa kwa mashine za siku hizi huonyesha vidoa vilivyopangwa mistari, kama askari gwaride. Hii ilikuwa na chembe zisizo na mpango, zilizodondoshwa kwa mkono juu ya jiwe la mpiga chapa, rangi juu ya rangi. Kingo zilikuwa zimelainika sawasawa, kwa kushikwa na mikono wala si kwa msasa. Nikainusa: ilinukia kabati. Ndipo nikaigeuza mgongo, nikasoma, na sikuelewa kwa nini yule mama alilitaka jambo hilo.

Nilimpelekea nyumbani kwake. Alinifungulia mlango wa jikoni na kusimama katikati yake.

"Umeleta makopo?"

"Nimekuletea mstari," nilisema. "Si uleule. Ila nadhani unasema jambo lilelile."

Akanipisha. Sikungoja kukaribishwa kiti. Nikaitoa kadi, nikavaa miwani, nikamsomea: "Mtoto mnayemwona pichani si wa kubuni. Ni Emmett Strunk, mwana wa fundi mitambo wa kiwanda chetu. Hula karameli za Oberlitz kila siku, na hajapata kuumwa jino."

"Rudia jina."

"Emmett Strunk."

Akaketi. Alinyoosha mkono akaichukua kadi, akaisogeza karibu na pua, akaizungusha kuelekea dirishani mpaka akaliona sikio.

"Strunk ndilo jina langu kabla sijaolewa," alisema. "Huyu ni baba yangu."

"Anapendeza," nilisema, kwa kuwa sikupata kingine.

"Alikuwa mshenzi." Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Alikuwa mlevi na mwongo. Alisema alipigana Ufaransa, kumbe vita vyote alimenya viazi kambini Kentucky. Alisema ametafutiwa kazi Cleveland, tukauza ng'ombe, hakukuwa na kazi. Na akishalewa, kila baa, kila harusi, mpaka msibani, anasimama anasema, mimi ndiye mtoto wa Oberlitz, picha yangu ilikuwa kila dirisha la duka Ohio nzima. Mimi na mama tulikuwa tunaangaliana. Tukimcheka. Ukitaka kumtania mtu nyumbani kwetu unamwambia, wewe nawe mtoto wa Oberlitz. Alikuwa analia, unajua. Mwanamume mzima. Tukazidi kumcheka."

Kahawa ilikuwa inachemka juu ya jiko na hakuinuka.

"Mwaka jana tuliuza shamba, nikapanda kwenye boriti za banda, nikalikuta lile bango. Sikio kama lake. Lakini masikio ya watoto yanafanana. Nikasema, maandishi yale ya chini yatasema. Nilitaka yaseme jina la mtoto mwingine." Akaniangalia. "Nilikuwa na uhakika."

"Kwa hiyo kumbe alisema kweli."

"Kitu kimoja!" alisema Bi Wilma, na akapiga meza. "Maisha yake yote alisema kitu kimoja cha kweli, na ni hicho tulichochagua kumchekea. Si angekaa mwongo kabisa, mtu akajua moja? Hata kudharauliwa hakuweza kudharauliwa vizuri."

Nilidhani atalia, nikaanza kutafuta namna ya kuondoka. Hakulia. Aliinuka, akamimina kahawa vikombe viwili, akanisukumia kimoja bila kuniuliza kama nataka maziwa.

"Na usijisifu," aliniambia. "Ungeweza kunisomea Novemba."

"Ningeweza."

"Soma tena. Pale mwisho tu."

Nikavaa miwani. "Hula karameli za Oberlitz kila siku, na hajapata kuumwa jino."

"Yalimtoka yote," alisema. "Yote, hajafika hata miaka thelathini. Alikuwa anakula supu." Mabega yale makubwa yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikali, cha puani, mpaka ikabidi ashike ukingo wa meza. Sikujua kama anamcheka baba yake au Oberlitz au mimi, lakini hakukuwa na mtu mwingine mle ndani, basi nami nikacheka.